Tofauti ya Meno Mawili

...ipi kati ya hizi tatu, ananiuliza, na bado anaipangusa ile pinioni, gia ndogo yenye meno, kwa kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto makamasi, ipi, Mama Gaither, eti Mama Gaither, mimi huyu aliyekuwa akiniita shemeji kabla hata pete haijazoea kidole changu, Lucius Pettway huyu, fundi wa difu, zile gia za nyuma zinazozungusha magurudumu, amezeeka jamani, mikono inamtetema lakini ikigusa chuma inatulia, na mjukuu wangu Renita amesimama kando ya gari la babu yake, mikono kiunoni, ananisubiri, wote wawili wananisubiri, na mimi nimeketi kwenye kiti cha plastiki nimekumbatia mkoba wangu wa kanisani mapajani kama nimebeba kuku wa wizi... jibu tu, Ozella, jibu useme ya katikati, twende nyumbani, maharage niliyaacha yamelowekwa, sema ya katikati... amezipanga mezani juu ya gazeti, kila krauni, ile gia kubwa ya duara, na pinioni yake, na amemweleza Renita kwa sauti ile ile ya Alabama isiyokimbizwa na mtu, miaka hamsini Detroit haijamtoa Alabama mdomoni, "Sikiliza, binti, hii namba ni hesabu ya propela, hili bomba refu linalotoka kwenye injini, gurudumu likizunguka mara moja propela inazunguka mara ngapi, basi, hakuna uchawi. Hii ya kwanza, tatu na kidogo, itakupeleka mpaka Alabama kwenye mkutano wa ukoo wenu huku umelala, lakini taa ikiwaka kijani hata basi la wazee wa kanisa litakuacha. Hii ya mwisho, nne na nusu na ushee, ukikanyaga wigi lako utalikuta nyuma ya gari, ila kwenye barabara kuu injini italia kama nguruwe aliyebanwa na mlango, na mafuta itayanywa kama mjomba wangu anavyokunywa pombe. Hii ya katikati, tatu na robo tatu hivi, ni ya mtu mwenye akili," na Renita akacheka, "Mimi sina akili, babu, nipe ya mwisho," na mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri, mpaka hapo nilikuwa napumua, nasema moyoni Mungu ni mwema, hajui, mtoto hajui huyu ni nani, yeye alitafuta tu fundi mzee anayepanga difu kwa mkono, akaelekezwa huku Mtaa wa Conant, na mimi nilipoisikia anwani nikajua, nikasema nitakwenda nawe, mjukuu wangu, nipunge upepo... upepo gani, mwongo wewe.

Kisha Renita akafungua mdomo, mtoto wa watu, hana kosa, akasema, "Babu yangu aliitaka hii nne na nusu maisha yake yote, ujue, aliinunua, akawekewa nyingine ndogo, kuna fundi mmoja, tena alikuwa rafiki yake, alimbadilishia meno, akashindwa mbele ya mji mzima, babu hata jina lake hakulitaja nyumbani, alimwita Mwizi wa Meno," na mimi nikatazama sakafu, kuna doa la oili lenye umbo la sikio, nikalitazama lile sikio, nikamsikia Lucius akisema, "Ahaa," polepole, "ahaa. Na huyo mwizi walimfanya nini?" na Renita, "Sijui, ila naomba Mungu meno yake yeye yaling'oka," na Lucius akacheka, akacheka kweli, akavuta mdomo wa juu kwa kidole akaonyesha ufizi, "Yaling'oka, binti, dua yako ilifika, yote ya juu," na wakacheka wote wawili, Renita akampiga bega, na mimi kiti cha plastiki kikanikamata kama kimeota mizizi, maana alicheka bila kunitazama, alinipa nafasi, alinifunika tena kama alivyonifunika miaka arobaini na minane iliyopita, na ndipo akageuka akaniuliza, na maneno aliyotumia, ee Bwana, ni yale yale, "Na wewe je, wewe ungependa niweke ipi?"

Yale yale, jikoni kwangu, mwaka sabini na nne, mwezi wa saba, feni dirishani inazungusha joto tu, Lucius ameketi anakula pai ya pichi kwa kijiko cha supu kwa sababu vijiko vidogo vyote vilikuwa vichafu, na mezani boksi mbili nilizobeba kutoka kiwandani, kwetu kiwanda cha ekseli, tulikuwa tunauziwa seti zilizokataliwa kwa kasoro ndogo, na Thurman mume wangu alikuwa ameniambia, "Niletee nne na nusu, mke wangu, na masikio yako ndiyo nayaamini, niletee isiyolia," maana kazi yangu ilikuwa kusikiliza, mimi niliyeacha shule darasa la tatu kwenda kuchuma pamba, sijui kuandika barua ikanyooka, lakini masikio Mungu alinipa, walinifungia kwenye kile chumba cha kuta nene, gia zinazungushwa mbele yangu, krauni na pinioni zilizosagwa pamoja kwa unga wa chuma na mafuta mpaka zijuane jino kwa jino, zimefungwa waya, zimegongwa namba ile ile, na ukipoteza moja ya pili unaitupa hata kama inang'aa, ndiyo sheria, msimamizi wetu Bwana Kosinski alikuwa akisema, "Gaither, hizo ni mke na mume, usiniachanishie ndoa za watu," na kazi yangu ni kusema ipite au isipite, na jambo ambalo wasichana wapya hawakulijua ni kwamba gia haisemi ukweli ukiikanyaga, ikiwa na mzigo inanyamaza, inakaza meno, inakuwa mtawa, ni ukiinua mguu ndipo inalia, ile sauti ya mbwa wa mbali... nilileta boksi mbili. Hilo ndilo. Aliniagiza moja nikaleta mbili, nne na nusu na ile ya katikati, krauni zote mbili meno arobaini na moja, kwa macho huzitofautishi, tofauti iko kwenye pinioni, moja ina meno tisa na nyingine kumi na moja, meno mawili tu, na Lucius akazitazama, akalamba kijiko, akanitazama, "Shemeji, moja ya hizi haikuagizwa," na mimi nikasema naogopa, Lucius, nina mtoto tumboni, naogopa atajiua na gari lile, na akazigeuza zile pinioni mkononi, moja baada ya nyingine, feni inazunguka, akasema, "Na wewe je, wewe ungependa niweke ipi?" na nikanyoosha kidole. Hata sikusema. Nilinyoosha kidole. "Na kibati?" akauliza, maana kila seti ilikuja na kibati chake cha kufunga kwenye boliti ya difu, kimeandikwa namba, nikampa kibati cha nne na nusu, akakitia mfukoni, akasema, "Hii pai, shemeji, imenigharimu," akacheka, na kwa nini Thurman hakujua, watu huuliza, hapana, hakuna aliyeuliza, mimi ndiye nimejiuliza, hakujua kwa sababu alitoka kwenye tatu na kidogo, gari likaruka kuliko zamani, akainama chini akasoma kibati, akaamini, mtu anaamini kilichoandikwa... "Mama Gaither, unafikiri au umelala?" ni Lucius huyo, nasema nafikiri, nafikiri, na Renita, "Mwache, bibi huwa anasali kwanza hata akichagua nyanya," na redioni mpira wa besiboli, mtangazaji anasema umekwenda nyuma, nyuma kabisa, umekamatwa, na watu wanaguna.

Waliguna hivyo hivyo siku ile, uwanja wa mashindano ya magari, robo maili, Jumapili mchana, nilikuwa nimevaa gauni la njano tumbo limeanza kuonekana, na Thurman pembeni ya kijana mmoja wa Toledo mwenye gari jekundu, na alikuwa amewaambia wote kinyozini, wiki nzima, "Nina nne na nusu chini, njooni muone vumbi langu," na wakaja, nusu ya kanisa walikuja, na taa ikawaka, na lile jekundu likamwacha kwa urefu wa gari zima, mtu akapiga kelele nyuma yangu, "Gaither! Difu umeazima kwa gari la maziwa?" na watu wakaguna kisha wakacheka, na Thurman akarudi polepole akiendesha kandokando, mkono wake nje ya dirisha umelala kama wa mtu aliyezirai, na mimi, hili sijawahi kuliwaza mpaka mwisho, kila nikifika hapa huwa nageuka, leo naliwaza kwa kuwa kiti kimenishika, mimi nilifurahi. Si kwamba yu hai, huo ndio wimbo niliojiimbia, nilimwokoa, nilimwokoa, mke anamwokoa mumewe, hapana, hakuwa hatarini kuliko mtu yeyote, alikuwa dereva makini yule, alikuwa akipangusa vioo mara mbili. Nilifurahi kwa sababu alishindwa. Kwa sababu kila Jumapili ilikuwa gari, na wale wasichana wa uzioni wakiliita jina lake, Thur-man, Thur-man, na mimi na gauni langu la njano nimesimama na chupa ya maji yaliyokwisha kupata joto, na nilitaka arudi nyumbani, akae barazani, awe wa kawaida, awe wangu. Basi, umesema. Wivu. Wivu wa chuma. Mimba niliitanguliza mbele kama ngao, na Lucius akaiheshimu ile ngao, maskini, mtu mwenye heshima zake.

Na kama ingeishia pale, pengine Mungu angecheka tu... lakini Thurman hakuwa mjinga, wiki mbili aliliendesha akilisikiliza, kisha asubuhi ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo huku ni mwezi wa tisa, ndugu wote wako uani, mbavu ziko kwenye moto, akaliinua gari nyuma kwa jeki, magurudumu yote mawili hewani, akachora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi, akamwita mpwa wake azungushe gurudumu mara moja, polepole, na yeye chini amelala anahesabu kwa sauti, nilimsikia kutoka mlangoni nimeshika bakuli la saladi ya viazi, "Moja... mbili... tatu..." na akakomea hapo, kabla ya nne, akasema rudia, wakarudia, moja, mbili, tatu, na robo tatu kasoro, na nne haikufika, akasema rudia, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtoto, kisha akatoka chini ya gari na mgongo umejaa majani, na Lucius alikuwa pale kwenye meza na sahani yake, mahindi na ubavu mmoja, na Thurman hakupiga kelele, laiti angepiga kelele, akasema, "Lucius, iko wapi nne na nusu yangu?" hata watoto wakaacha kukimbia, na Lucius akatafuna, akameza, na Thurman akanigeukia, "Ozella. Boksi uliyoleta kiwandani ilikuwa ya ngapi?" na Lucius akanitazama, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, uso wa mtu anayejua kwamba jambo sasa litakwisha vizuri, maana shemeji yupo, shemeji atasema, na nikasema, nikiwa na bakuli mkononi, nikasema, "Ya nne na nusu."

Nilisema hivyo. Si kwamba nilinyamaza, watu wanaoungama husema nilinyamaza, mimi nilisema, kwa sauti nzuri, ya kanisani. Na Lucius akaiweka sahani chini, hakuumaliza ubavu, akaenda kwenye bomba la bustani akanawa mikono, taratibu, hata kati ya vidole, akalifunga bomba, huwa najiuliza kwa nini alilifunga vizuri vile, mtu mwingine angeliacha limwagike, akasema, "Asante kwa chakula, shemeji," akaondoka. Na hilo ndilo shemeji la mwisho. Na kinyozini wakamvalisha jina, akipita, "Lucius, leo umekula meno ya nani?" na vijana waliokuwa wakimpelekea magari wakampelekea mwingine, na mkewe Earline, tuliyeimba naye sauti ya pili miaka saba, akahamia benchi la nyuma, kisha wakahama kanisa, na nilipokutana naye sokoni kwenye mafungu ya sukuma wiki, akaniambia, "Ozella, mume wangu hasemi. Wewe unajua kitu?" na nikamwambia hizi sukuma zina mchanga, Earline, chukua za kule... mama yangu aliwahi kusema ukificha samaki mkobani usimlaumu paka akikufuata, na Earline hakunifuata, alichukua sukuma za kule, akafa bila kujua, mwaka wa tisini na moja, nilituma keki msibani. Keki!

Na Thurman pia, majira ya baridi ya mwaka juzi, kitandani hospitalini, mirija puani, nimemshika mguu chini ya blanketi kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano, akasema, jina lenyewe akalitaja, kwa mara ya kwanza, "Lucius. Nilimpenda yule mtu, Ozella. Unadhani kwa nini alinifanyia vile?" na nilikuwa na dakika, nilikuwa na saa nzima, nje theluji inaanguka, na nikasema, "Nyamaza upumzike," na akatii, alikuwa mtiifu mwishoni, na tangu siku ile, nikiwa peke yangu nyumbani ndipo ninalia, si kilio cha machozi, ile sauti ya mbwa wa mbali, kumbe mguu umeinuliwa, hakuna tena wa kumvuta wala mzigo wa kukazia meno, na ningekuwa kwenye kile chumba cha kuta nene ningejisikiliza sekunde mbili tu nikaandika isipite.

"Bibi, una nini? Umekunywa maji leo?" nimekunywa, nimekunywa, mama, "Basi mwambie mzee wa watu, mguu unamuuma amesimama," na kweli amesimama, ameegemea gari, lile lile, Chevelle ya sitini na tisa, rangi ya kijani Thurman alipaka kwa mkono wake, na Lucius ameweka kiganja kwenye madigadi ya nyuma, ananitazama, anajua nakiona kile kiganja, nacho kimetulia, na sasa nausikia mkoba, nausikia uzito wake kwenye mapaja, maana humu ndani, chini ya Biblia na leso na pipi za mnanaa, imefungwa karatasi ya mafuta, ipo pinioni yenye meno tisa. Nne na nusu. Lucius alinirudishia boksi siku ile ile aliyofunga, "Hii ifiche wewe, shemeji, mimi sitaki kuwa na mali ya mtu kwangu," mwizi wa namna gani huyo, na nikaificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, ndani ya kopo la mafuta ya nguruwe nyuma ya chupa za pichi, miaka arobaini na minane, na kila mwaka nikishuka kuchukua pichi nililisogeza kopo, krauni yake bado iko kule, leo ilinishinda kubeba, nimeachanisha ndoa, Bwana Kosinski, nisamehe, nimekuja na nusu tu, na nilikuja na mpango, oh nilikuja na mpango mzuri, nilisema Renita atakwenda msalani, au atatoka nje kupokea simu, siku hizi simu hazikomi, na mimi nitamtilia Lucius mkononi haraka, nitasema nisamehe, kwa kunong'ona, atasema yamepita, na tutabaki mimi na yeye tunajua, kama zamani... simu leo haijalia hata mara moja. Na mtoto hataki kwenda msalani.

Na ona sasa, ona ulichokuwa unataka, mwanamke, hata leo, na miaka sabini na sita kichwani, ulitaka kumlipa kwa siri mtu uliyemwibia hadharani. Alipakwa matope mbele ya bakuli la saladi, mbele ya watoto na mbavu, na wewe unataka kumfuta nyuma ya mlango, huku huyu binti anatoka hapa na Mwizi wa Meno kichwani mwake, atamsimulia mwanawe, na mwanawe atamsimulia wake, na Lucius amelikubali, ndilo linaloniua, amekwisha kulikubali, ndiyo maana ananiita Mama Gaither, ananifungulia mlango wa kutokea, hata bomba amelifunga vizuri, kama siku ile... atanichukia. Renita. Mimi ndiye niliyemlea, huwa anasema bibi yangu hajui kudanganya, hata umri wake anausema. Ataniangalia kama... na aniangalie. Wakati Thurman alipohesabu chini ya gari aliamini chaki baada ya kibati kumdanganya, na huyu naye ana haki ya kuhesabu, mzunguko mmoja, polepole, ajue ngapi. Atahesabu atafika tatu, na nne haitafika, na atatoka chini na majani mgongoni, nami nitakuwepo, safari hii sitaingia ndani na bakuli.

"Mama Gaither," anasema Lucius, kwa upole, ameweka pinioni chini juu ya gazeti, "hakuna haraka, ila ipi?" na mtangazaji anasema mpira mwingine unakwenda nyuma, nyuma, na kidole changu kiko kwenye kifungo cha mkoba, kigumu hiki, siku zote kigumu, na Renita anasogea kunisaidia, nasema hapana, kaa hapo hapo, mama, kaa unapoweza kuona, na kifungo kinalia tak, na harufu ya mnanaa na grisi ya zamani inatoka, na naona Lucius anaisikia, pua yake inaijua ile grisi kabla macho hayajafika, na ule uso, baada ya miaka yote hii, naona unaanza tena kuwa wazi, na unaogopa kuwa wazi, na nasema, na sauti haitoki ile ya kanisani, inatoka yangu, ya darasa la tatu, nasema, "Zima hiyo redio kwanza, shemeji."